Blanketi la Viraka la Mama Spika

Kama uliwahi kupanda gari katika kituo kikuu cha mabasi cha mji wetu, sauti yake unayo masikioni mpaka leo, hata kama sura yake hukuwahi kuiona. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ofisi ya tiketi, kipaza sauti mbele yake, na kila basi lililoingia au kutoka lilipita kinywani mwake kwanza.

"Abiria wa kwenda kaskazini, gari lenu liko mlango wa tatu, injini inanguruma, dereva hana subira, na mimi pia sina!"

Watu walicheka huku wanakimbia na mizigo yao. Ndiyo maana akaitwa Mama Spika. Si spika wa bunge, la. Spika ya bati, ile inayoning'inia juu ya nguzo na kumshtua aliyesinzia.

Mimi nilikuwa jirani yake, mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu. Ni msusi, na wateja wangu niliwasukia palepale chumbani, kwa hiyo nilimsikia akitoka kazini kila jioni, akipanda ngazi na kuwasalimia watu wa kila ghorofa bila kipaza sauti na bila kukihitaji. Alikuwa mjane wa siku nyingi, mama wa binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa ameolewa ng'ambo ya daraja. Kipindi hicho alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Mama Spika alikuwa ameshaitangaza habari hiyo jengo zima kama basi jipya.

Kisha mji ukachafuka.

Sitaeleza nani aligombana na nani. Waliogombana wenyewe siku hizi wanasalimiana. Sisi wa ghorofani tulichoona ni barabara kufungwa kwa mawe na matairi, halafu askari kuja kuyaondoa mawe na kuweka vizuizi vyao. Kituo cha mabasi kikafungwa. Daraja likafungwa. Umeme ukawa unakuja ukipenda, na simu zikawa zinashika mtandao kidogo, unasema "haloo," halafu kimya.

Wapo watu wanaojua kukaa bure. Mama Spika hakuwa mmoja wao. Aliosha vyombo visivyo vichafu. Alifagia korido mpaka saruji ikaanza kung'aa. Alinigongea mlango kuniuliza kama nimesikia, nikamuuliza nimesikia nini, akasema, "Sijui, ndiyo maana nakuuliza." Alikonda. Sauti yenyewe ilianza kukwaruza, na jambo hilo lilinitisha kuliko milio ya mbali ya risasi tuliyokuwa tunaisikia mchana.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni na simu mkononi, "moyo wangu umekuwa kama gari lililokwama kwenye tope. Linakanyagwa mafuta, tairi zinazunguka, haliendi popote."

Nikamwambia twende kwa fundi chini, angalau tukapige soga.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, chumba chake kikiwa chini karibu na ngazi. Mtu mfupi, mnene, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata anapokula. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, kwa hiyo naye alikuwa amekwama. Tulimkuta amekaa kwenye kiti, amezungukwa na magunia ya mabaki ya vitambaa, anapuliza vumbi kwenye mkasi.

"Fundi," Mama Spika akasema, "nipe kazi yoyote kabla sijapasuka."

Fundi akamwangalia. "Unajua kushona?"

"Nimewahi kushona kifungo."

"Kikakaa?"

"Kilikaa mpaka nilipolivaa shati."

Fundi akacheka mpaka tepu ikamdondoka. Lakini hakumfukuza. Alitia mkono kwenye gunia akatoa konzi nzima ya vipande: nyekundu ya pazia, kijivu cha suti ya bwana harusi, kijani cha sare ya shule, njano yenye madoa meupe ambayo hata yeye hakukumbuka ilitoka kwa nani. Akavikata vikawa vya mraba, sawasawa kama vigae. Akatunga uzi kwenye sindano.

"Uzi usizidi urefu wa mkono wako, utakufunga mafundo. Weka uso kwa uso, shona pembeni, halafu ufungue. Na usiuvute kama unavuta ng'ombe. Ni uzi tu, haukatai kuja."

Mama Spika alishona kijani na njano. Mshono ulikwenda kama mlevi anayerudi nyumbani. Fundi akaufumua, akamrudishia. Akashona tena. Ukafumuliwa tena. Mara ya tatu fundi aliugeuza upande huu na ule, akaguna, akamwongezea kipande chekundu. Tukarudi juu na mfuko wa plastiki umejaa mabaki.

Siku ya pili, kama wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa namenya viazi niliposikia mlango wake umefunguliwa kwa kishindo na ile sauti, ile yenyewe, sauti ya kibanda cha vioo, ikijaa korido nzima.

"Jamani! Jamani! Nimesahau kuogopa!"

Nilitoka mbio na kisu mkononi. Nesi wa chumba cha mwisho naye alitoka na mswaki mdomoni. Mama Spika alikuwa katikati ya korido, ameinua juu kitu chenye ukubwa wa mto, rangi zake zinapiga kelele kumshinda yeye.

"Nimekaa tangu asubuhi," alisema, macho yanamng'aa, "nashona tu. Mshono huu, halafu unaofuata. Sikuiangalia simu. Sikusikiliza dirishani. Nimeshtuka njaa inaniuma, nikajiuliza, kwani leo sina wasiwasi? Nikautafuta wasiwasi, jamani, nikaukosa! Baadaye umerudi, ndiyo, lakini umerudi umechoka!"

Nesi akatoa mswaki mdomoni. "Ni pumzi," akasema. "Ukishona unapumua polepole bila kujua. Tazama mabega yako yalivyoshuka."

"Pumzi au si pumzi, leteni vitambaa!"

Ndivyo tulivyoingia wote. Mimi nilitoa lile vazi la zamani nililokuwa nawafunika wateja mabegani, zambarau, limepauka upande mmoja. Nesi akaleta mkono wa sare yake kuukuu, buluu ya anga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, kazi yake ilikuwa wodi ya wazazi. Hospitali yake ilikuwa ng'ambo ya daraja, na tangu daraja lifungwe alikuwa anavaa sare kila asubuhi, anakwenda kwenye kizuizi, anarudishwa. Fundi akapanda na gunia zima mgongoni, anahema kama pampu, akisema hawezi kuwaachia wanagenzi watatu mkasi wake.

Tukakaa kwenye korido, mahali ambapo hapakuwa na dirisha, migongo ukutani, miguu tumeinyoosha, blanketi likikua katikati yetu kama mtoto wa kila mtu. Na kila mtu alishona kwa kazi yake! Mshono wa nesi ulikuwa mfupi, imara, kila hatua na fundo lake, kama anafunga kidonda. Wangu ulibana mpaka kitambaa kikajikunja. "Wewe unashona au unasuka?" fundi aliniuliza. "Legeza, hicho si kichwa cha mtu." Mama Spika yeye alikuwa amejifunza haraka ajabu. Mshono wake sasa ulinyooka, na alipokuwa anashona alinyamaza. Mama Spika, kunyamaza! Uso wake ulitulia kama maji kwenye beseni. Nilimwangalia nikawa natamani kumwita kila mtu aliyewahi kumsikia aje amwone.

Alasiri moja milio haikuwa ya mbali. Ilitokea mtaani kwetu, chini kabisa, kavu na ya haraka. Watu wa ghorofa ya juu walishuka wakikimbia, wa chini wakapanda, wote wakaishia koridoni kwetu, wamebanana sakafuni. Mtu alianza kulia. Mwingine akaanza kusali kwa sauti ya kutetemeka, na mtetemeko ule ukawa unasambaa kutoka bega hadi bega.

Mama Spika alikuwa na blanketi mapajani. Niliona vidole vyake vimekakamaa. Alifumba macho, akavuta pumzi, akatoboa kitambaa, akavuta uzi. Mara moja. Mara ya pili. Kisha akalitandaza blanketi likafunika magoti ya watu wa pande zote mbili, akafungua kinywa.

"Abiria wapendwa," akasema, si kwa nguvu, ila kwa sauti ileile ya kituoni, "gari linaloondoka sasa ni la kutoka kijani kwenda njano. Aliyekaa kwenye kijani ashike ukingo wake vizuri. Njiani tutapita kwenye suti ya bwana harusi, msimkanyage. Fundi, gawa sindano!"

Kulikuwa na kicheko kimoja, kama kilichokosea njia. Halafu kingine. Fundi akagawa sindano, na waliokosa sindano wakashika kitambaa kikaze. Aliyekuwa analia akaambiwa aitafute nyekundu, akaipata. "Nyekundu imewasili!" Mama Spika akatangaza. Tukashona hivyo, kipande kwa kipande, kila kipande kikitangazwa, mpaka mtaa ukanyamaza na hakuna aliyetaka kuinuka wa kwanza. Watu wanaofahamiana kwa kugombania kamba za kuanikia nguo walikuwa wameshonwa pamoja, na hapa nasema kweli tupu: fundi alikuwa amelishona shati lake kwenye blanketi, ikabidi afumuliwe.

Baada ya siku hiyo blanketi likawa kubwa la kutosha kitanda cha watu wawili. Lilibaki kuunganishwa na bitana kwa nyuma, na pindo kuzunguka. Fundi alikuwa amelipiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe ili lisihame, na Mama Spika akawa anashona pindo kwa subira ambayo sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote.

Kisha, asubuhi, simu yake ikaita.

Mtandao ulikuwa umerudi ghafla. Nilimsikia akisema "haloo" kisha akasikiliza tu. Alipotoka koridoni uso wake ulikuwa umepauka, macho yamekodoka.

"Ni mkwe wangu. Uchungu umemwanza binti yangu. Kabla ya wakati wake. Gari hakuna, hospitali hawafiki, na yeye mwenyewe, mkwe wangu, anatetemeka kuliko mgonjwa."

Nesi hakuuliza swali hata moja. Alirudi chumbani mwake, akatoka na sare yake imefungwa vifungo vyote, mikononi ana glavu, wembe mpya, pamba na chupa ya dawa ya kusafishia. "Nipe kitu cha kufungia," akasema.

Mama Spika akalitandaza blanketi sakafuni, pindo halijaisha, sindano bado imening'inia kwenye kona. Nesi akaichomoa sindano akaichomeka kwenye ukosi wa sare, akapanga vitu vyake katikati, wakafunga fundo kubwa. Mama Spika akajitwika kichwani. Mimi nikabeba beseni na ndoo. Hakuna aliyeniambia niende. Ningebakije?

Mji ulikuwa kimya na jua limewaka. Tulitembea katikati ya barabara, kwa sababu nesi alisema mtu anayejificha ndiye anayeshukiwa. Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka kwenye meno, lakini sitakudanganya, ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kama furaha. Tulikuwa tunakwenda! Baada ya siku zote za kukaa, miguu ilikuwa inakwenda!

Kwenye daraja askari kijana akatuinulia mkono.

"Rudini. Hapapitwi."

"Mwanangu," Mama Spika akaanza, "binti yangu anajifungua. Huyu ni nesi."

"Huyu namjua, kila siku namrudisha. Kwenye fundo kuna nini?"

"Blanketi."

"Lifungue."

Akalitua, akalifungua palepale kwenye lami. Askari alitegemea kuona sijui nini. Alichoona ni rangi zote za mtaa mzima zikimlipuka usoni, na katikati glavu na pamba. Akarudi nyuma kidogo. Akaligusa kwa ncha ya kiatu, halafu akaona haya, akainama akaligusa kwa kidole.

"Nani ameshona?"

"Sisi," akasema Mama Spika. "Mwanangu, sina muda. Mlango uko wazi, gari linaondoka, na mimi sijapanda!"

Ilimtoka tu, kwa ile sauti. Hakuipanga. Na askari mwingine, mkubwa kwa umri, aliyekuwa amekaa juu ya tairi nyuma ya kizuizi akinywa chai, alisimama akamwaga kikombe.

"Hebu subiri! Hebu rudia! Wewe si yule mama wa kituo cha mabasi?"

"Ndiye mimi."

"Sema la mashariki! Nakuomba. Sema lile gari la mashariki!"

Mama Spika akasimama wima katikati ya daraja, akavuta pumzi. "Abiria wa mashariki, gari lenu liko mlango wa kwanza! Wenye kuku mkae nyuma, wenye usingizi mkae dirishani, na wewe unayeaga kwa mara ya tano, mwachie mkono huyo dada, atakusubiri!"

Askari yule mkubwa akapiga paja. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na anacheka. "Ni mimi," akamwambia mwenzake. "Nakwambia ule mkono ulikuwa wangu! Nilikuwa namuaga mke wangu!" Akaiinua boriti ya kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. "Piteni, mama. Nitawasindikiza mpaka kona. Na wewe nesi, kesho usirudi nyuma, uliza mimi niko wapi."

Tulikimbia. Mama Spika, kwa umri wake na mwili wake, alikimbia na blanketi kichwani, pindo lisiloisha likipepea nyuma yake, na mimi na beseni langu nilikuwa namfuata kama mpiga ngoma.

Binti alikuwa kwenye godoro, amelowa jasho, ameikamata shuka kwa mikono miwili. Mkwe alikuwa amesimama pembeni ameshika kijiko. Mpaka leo hajui alikuwa na kijiko cha nini. Nesi alinawa, akamtuma achemshe maji, akapiga magoti, akatazama, akasema tu, "Tumefika kwa wakati."

"Mama, siwezi," binti akasema. "Naogopa. Mama, naogopa sana."

Mama Spika akaketi upande wa kichwa chake, akamfunika kifuani kwa upande wa blanketi. Akauchukua mkono wake, akaweka kidole cha binti juu ya mshono mmoja.

"Usitazame mbali. Fuata uzi huu tu. Uko wapi sasa?"

"Sijui… kwenye kijivu."

"Kijivu. Vuta pumzi. Twende taratibu mpaka ukingoni. Ukifika ukingoni maumivu haya yatakuwa yamepita, utapumzika kabla ya kipande kingine. Haya."

Kidole kikaanza kutembea. Uchungu ulipokuja, kilikwenda na mshono, na mama yake akimhesabia rangi kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sikujua anayo. Kijivu. Buluu ya nesi. Zambarau yangu, iliyojikunja kwa sababu ya kubana. Binti hata akacheka, akasema, "Nani ameshona hapa vibaya hivi?" nikaona aibu na kutaka kumbusu kwa wakati mmoja. Walizunguka blanketi lote, wakarudia, na ilipofika mara ile ya mwisho nesi akasema, "Sasa sukuma," na hapo hapakuwa tena na habari ya rangi, ilikuwa ni kelele na jasho na kushikana, na mtoto huyo hapo!

Wa kike. Mdogo, amekasirika, mzima. Alilia mpaka jirani wakafungua madirisha.

"Hiyo sauti," nesi akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu meno yote, "nani atauliza ni mjukuu wa nani?"

Mkwe aliangusha kijiko, akakaa sakafuni, akaanza kulia na kucheka pamoja. Mama Spika hakulia. Alipopewa mtoto, alimtazama muda mrefu, akamfunika, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaomba ile sindano kutoka kwenye ukosi wa nesi, akasogea karibu na dirisha palipo na mwanga, akaanza kushona pindo. Huko nje bado kulikuwa na milio ya hapa na pale. Niliona hata hakuinua kichwa.

Mambo yalitulia polepole, kama homa inavyotoka. Vizuizi vikapungua, nesi akarudi wodini kwake, fundi akapata umeme na madai ya wateja. Siku kituo kilipofunguliwa nilikwenda kwa makusudi, bila safari yoyote. Watu walikuwa wengi, wamesimama na mabegi, hawaaminiani bado, kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembeni. Halafu spika zikakwaruza juu ya nguzo, na alipotamka tu "Abiria wapendwa," ukumbi wote ukapiga makofi. Makofi na vigelegele! Wengine walikuwa wanarukaruka na masanduku.

Siku hizi, kati ya basi na basi, anashona. Ameshusha kikapu cha mabaki mpaka kwenye benchi la wasafiri, na anayesubiri gari anaweza kuchukua sindano na kuongeza kipande. Juzi nilimpelekea chai nikamkuta kwenye benchi hilo mwanamume mmoja mwenye mkoba wa ofisi, tai imelegezwa, ameinamia kitambaa chekundu, ulimi umechomoza pembeni ya mdomo.

Mama Spika aliliita gari lake mara moja. Akaliita tena. Mwishowe akaegemea kioo, akamwita yeye mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima:

"Bwana mwenye mkoba wa kahawia, gari lako linatoka sasa hivi!"

Yule bwana hakuinua hata jicho.

"Liende," akasema. "Nimebakiza huu upande mmoja, nitapanda linalofuata."